Gari Lililogoma Mlangoni

Karakana ya Nyundo ilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali, kimebanwa kati ya duka la vipuri la binti yake na kibanda cha shemeji yake, mchomeaji vyuma. Ndani mlikuwa na benchi, tanuri dogo la kufulia chuma, rundo la springi kuukuu ambazo hakuna aliyethubutu kuzitupa, na kioo cha duara chenye mpini, cha kuchungulia zile sehemu za chini ya gari ambazo jicho halifiki. Wiki ile kioo kilipata kazi ya pili. Binti alimfuma mama yake akijitazama mwenyewe, huku akifuta grisi shavuni kwa ncha ya leso.

"Mama, kulikoni?"

"Naangalia kama kina ufa."

"Na ufa upo?"

"Hebu nenda dukani kwako, una wateja."

Dukani hakukuwa na mteja hata wa dawa. Binti alirudi huko akaegemea kaunta, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Nyundo lilikuwa jina la utani, na lilimkaa sawasawa. Alikuwa mfupi, mzito, na akisema jambo amelisema. Baba yake alikuwa mfua springi, naye akarithi tanuri, benchi na sikio la baba: gari likipita barabarani alikuwa akijua upande gani umechoka kabla hajainua kichwa. Mumewe alifariki binti akiwa bado mdogo. Tangu hapo wanaume walikuja karakanani na magari yaliyolegea, wakaondoka na magari yaliyokaza, basi. Hakuna aliyemfanya atafute kioo. Mwenyewe alikuwa akisema mambo ya moyo ni ya vijana, yeye amebakiza mambo ya mgongo.

Halafu akaja mfuga nyuki.

Alikuja na gari kuukuu la kijani, lile la zamani lenye umbo la kabati, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Pua ya gari ilikuwa imeinama chini kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, ana mvi kidogo juu ya masikio, na alisema polepole kwa sauti ya chini, maana nyuki hawapendi kelele na yeye alikuwa ameishi na nyuki zaidi kuliko alivyoishi na watu. Hakuwahi kuoa. Alikaa juu mlimani, mahali ambapo njia ni mawe matupu, na kila akiteremka na ndoo za asali tumbo la gari lilikuwa likigonga jiwe hili na lile. Safari ya mwisho ndoo mbili zilipinduka, na siafu wakamsindikiza mpaka mjini.

"Fundi, nataka linyooke," alisema. "Na likishanyooka, nataka linyanyuke kidogo. Nimechoka kuomba radhi kwa mawe."

Nyundo aliingia chini ya gari na taa yake. Springi za gari lile zilikuwa za mabamba, vyuma virefu vilivyopinda, vimelaliana kimoja juu ya kingine, vikifungwa kwenye ekseli. Aligonga hapa, akasikiliza pale, kisha akasema kutoka huko chini, "Ya kushoto imekatika bamba kuu. Ya kulia haijakatika, ila imekata tamaa."

Mfuga nyuki akacheka. Kilikuwa kicheko cha taratibu, kilianzia tumboni kikapanda bila haraka, na kilipofika juu kikajaza karakana nzima. Nyundo, akiwa amelala chali na kutu ikimdondokea usoni, alijikuta anacheka naye, akasahau kufumba jicho, kutu ikamwingia. Hapo ndipo mama wa watu alipokwisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku chache tu kwa mtu wa mkono kama wake. Alilinyanyua gari kwa jeki, akaliketisha kwenye stendi, akatoa magurudumu, akatoa shokomzoba zilizokuwa zikivuja mafuta kama pua ya mtoto mwenye mafua. Akazitoa springi zote mbili za mbele. Bushi, yale mapira ya kwenye masikio ya springi, yalikuwa yameliwa mpaka hayana umbo. Bamba lililokatika akaliwekea jingine, yaliyolala akayagonga moja moja mpaka yakapata tena mgongo wake, kisha akaongeza bamba moja kila upande ili gari lisimame juu zaidi. Chini ya springi akapachika kabari za chuma ili ekseli isipoteze mlalo wake na usukani usije ukatangatanga. Bomba la breki akaweka refu zaidi, kwa sababu gari likipanda, bomba fupi hunyooka kama kamba ya nguo, na siku likikatika, mlimani hakuna wa kumlaumu.

Siku zote hizo mfuga nyuki alikuwepo. Alifikia kwa binamu yake mtaa wa pili, lakini kila asubuhi alikuja kushika spana, kushika taa, kushika chochote alichopewa. Akasimulia jinsi malkia wa nyuki anavyotafutwa, na jinsi kundi linavyohama bila kuaga. Nyundo akasimulia jinsi chuma kinavyochoka. Tena, mimi ninayesimulia sikuzaliwa jana: tangu lini mabamba ya springi yakapigwa msasa mpaka yakang'aa? Nyundo aliyapiga msasa. Tangu lini kabari ikapakwa rangi? Kabari zilipakwa rangi, tena ya kijani, ifanane na gari.

Shemeji alikuwa akichungulia kutoka kibandani kwake, barakoa ya kuchomelea ikiwa imepandishwa juu ya kipaji.

"Shemeji, hiyo springi unaitengeneza au unaiozesha?"

"Choma vyuma vyako."

"Nachoma. Ila nasikia harufu ya kitu kingine kinaungua."

Nyundo alimrushia kitambaa cha grisi. Lakini usiku, na mchana pia, jambo moja halikumwacha. Gari likitoka limetoka. Springi za Nyundo hazikuwa na tabia ya kurudi. Watu walikuwa wakizaa, wakalea, wakaozesha, na springi zake ziko palepale. Kadiri alivyofanya kazi nzuri ndivyo alivyomsogeza mwanamume yule mbali naye, kwa miaka. Na kufanya kazi mbovu kwa makusudi hakuweza, hata kwa dawa ya usingizi. Njia ilikuwa moja tu: aseme kabla gari halijaondoka. Na ulimi wake, ule ulimi wa nyundo uliokuwa ukiwatoa jasho madalali wa vipuri, ukawa mzito kama ekseli.

Siku ya mwisho ikafika. Nyundo alikuwa na kawaida yake, ambayo baba yake aliifuata na mafundi wengine waliicheka. Bolti za bushi hazikazwi gari likiwa hewani, maana ukikaza hivyo, mpira unajifunga mahali siko, na gari likishuka unajisokota mpaka unapasuka. Hukazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Mafundi wote wazuri wanalijua hilo. Ila Nyundo alizidisha: mwenye gari lazima akae kwenye kiti chake wakati bolti zinakazwa, ili springi izoee uzito wa mtu wake.

Basi mfuga nyuki akakaa kwenye usukani, na Nyundo akaingia chini. Sakafu ya gari ilikuwa na tundu la kutu karibu na kanyagio la klachi, upana wa sarafu, na sauti zao zikawa zinapita hapo.

"Umekaa vizuri?" aliuliza Nyundo.

"Nimekaa vizuri sana, fundi. Hata sijui kama nitainuka."

Nyundo akakaza bolti ya kwanza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji.

"Huko juu," alisema tena, "ni kimya sana?"

"Kimya kabisa. Zamani nilikuwa nakipenda."

"Na siku hizi?"

Kupitia lile tundu Nyundo aliona kidole cha mguu kimoja, ndani ya kandambili, kinapanda na kushuka.

"Siku hizi," alisema mfuga nyuki, "nimezoea kelele za msasa."

Sema sasa, Nyundo alijiambia. Sema, mwanamke, huoni mlango umefunguliwa? Akafungua kinywa, tone la grisi likadondokea humo, akakohoa mpaka binti akaja mbio na kikombe cha maji. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, lakini sidhani walimaanisha hivyo.

Kazi ikaisha. Gari lilisimama kifua mbele, pua juu, limekuwa kijana. Binti alipiga makofi. Shemeji alilizunguka akitikisa kichwa kwa heshima. Mfuga nyuki alimshika Nyundo mkono kumshukuru, akachelewa kidogo kuuachia, kisha akapanda, akawasha injini, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Nyundo alisimama mbele ya gari na tabasamu la kubandika. Moyoni alikuwa analia.

Sehemu ya nyuma ikapita. Milango ya nyuma ikapita. Halafu, *gwa!*

Gari likasimama. Wote wakatazama juu.

Juu ya mlango wa karakana kulikuwa na boriti ya chuma, kazi ya shemeji mwenyewe, iliyoshikilia nusu ya paa. Gari lilipoingia lilikuwa limeinamisha kichwa, likapita chini yake kwa adabu. Sasa ukingo wa paa la gari, pale juu ya kioo cha mbele, ulikuwa umegota kwenye boriti, ukiwa juu kuliko nafasi kwa unene wa kidole gumba.

Nyundo alikuwa amepima springi, ekseli, mlalo wa usukani na urefu wa bomba la breki. Mlango hakuupima. Mtu aliyepitisha magari mlango ule miaka yote hii! Mganga hajigangi.

Shemeji ndiye aliyeanza. Alicheka akakaa chini. "Mmemjenga tembo ndani ya banda la kuku!"

Hali yenyewe ilikuwa hivi: nyuma ya gari iko barabarani, mbele iko karakanani, na milango ya dereva na abiria imebanwa na kuta mbili. Mfuga nyuki hakuweza kutoka ila kwa kutambaa kupitia nyuma, na alisema hana haja, yuko sawa hapo alipo. Nyundo alikuwa ndani, mbele ya boneti. Wakabaki wanatazamana kupitia kioo cha mbele, hawana pa kugeuzia macho.

Na hapo, ndugu msomaji, Nyundo alijua dawa. Aliijua kabla mlio haujaisha. Unatoa upepo kwenye magurudumu ya mbele, gari linashuka, linapita, unajaza upepo, mtu anaenda zake. Hata fundi wa baiskeli angeijua.

Akafunga mdomo wake. Akajishika kiuno, akaitazama boriti, akasema kwa sauti ya mtu mwenye msiba, "Hapa pana kazi."

Shemeji, ambaye kwa miaka yote alikuwa akichoma mageti na hakuwahi kutengeneza gurudumu hata la toroli, aliichukua shughuli ile mikononi mwake. Kwanza alisema uzito ndio dawa. Akaita watu: mshona viatu, mwuza magazeti, dada wawili wa saluni ya jirani pamoja na mteja wao mwenye nywele nusu zimesukwa nusu hazijasukwa. Wote wakaingizwa kwa milango ya nyuma na kusongezwa mbele. Mshona viatu alikuja na kigoda chake, akisema hakai popote bila hicho. Shemeji mwenyewe akaingia kupitia mlango mdogo unaounganisha duka na karakana, akapanda juu ya boneti, binti akamfuata, na wakaanza kuruka kwa hesabu. Gari zima likawa linacheka. Dada wa saluni akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na mfuga nyuki, katikati ya msongamano ule, alikuwa anapiga honi kwa kufuata mdundo.

Springi zikashuka unene wa ukucha, zikakataa kuendelea.

"Shemeji, umeweka nini humu?" alifoka mchomeaji huku akihema.

"Nimeweka kazi," alisema Nyundo, na kwa dakika ile hakujua acheke au alie kwa fahari.

Watu wakashushwa. Chai ikaletwa. Mfuga nyuki alipewa kikombe chake kupitia upenyo wa dirisha, na Nyundo ndiye aliyempa, mkono wake mfupi ukinyooshwa kadiri ulivyoweza kupita kati ya ukuta na gari.

"Pole," alimwambia.

"Sijapata shida yoyote, fundi."

"Utachelewa."

"Nyuki wanajua kujitunza."

Akanywa chai yake taratibu kama mgeni wa heshima. Shemeji wakati huo alikuwa na patasi, anajaribu kuchimba sakafu chini ya gurudumu. Saruji ile aliimimina mwenyewe, na siku ile alijivunia sana ugumu wake. Alichimba shimo la kutosha kulaza yai, akatupa patasi.

"Basi!" alisema. "Nimeiweka mimi, nitaitoa mimi."

Akaenda kibandani, akarudi anavuta mtungi wa gesi. Akapanda juu ya stuli chini ya boriti, akashusha barakoa, akawasha moto. Ule moto wa bluu ukanyooka, ukanguruma, ukaanza kusogea kwenye chuma. Nusu ya paa la karakana ilikuwa imelala juu ya chuma hicho.

"Acha!" alipiga kelele Nyundo. "Toa upepo tu!"

"Toeni upepo!" ilipiga kelele sauti nyingine, saa ileile, kutoka ndani ya gari.

Shemeji akazima moto. Akapandisha barakoa, akamtazama Nyundo, akamtazama mfuga nyuki, akarudi kwa Nyundo.

"Upepo gani?"

"Wa magurudumu," alisema Nyundo kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake. "Ya mbele. Ukiutoa, linapita."

"Mama," alisema binti polepole, "ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu lilipogonga."

"Na wewe, mzee?" Binti alimgeukia mfuga nyuki. "Ulijua?"

Mfuga nyuki aliweka kikombe chake juu ya dashibodi kwa uangalifu. "Mimi kila mvua zikinyesha natoa upepo ili nivuke matope. Nilijua." Akatazama mikono yake, kisha akainua uso na kumtazama Nyundo kupitia kioo. "Na kusema kweli, fundi, mimi nilijua hata kabla halijagonga. Tangu jana naitazama hiyo boriti. Nikaona kabisa, hili halipiti. Nikamshukuru Mungu."

"Ulilirudisha nyuma ligonge makusudi?" aliuliza Nyundo.

"Taratibu lakini. Sikutaka kuliumiza."

Mshona viatu aliyekuwa amebaki nje kwa ajili ya kuona mwisho alipiga yowe la furaha. Nyundo hakulisikia. Joto lilimpanda kutoka miguuni mpaka kwenye nywele. Alitaka kucheka, akataka kumpiga mtu, akataka kukaa chini. Mwisho akaegemeza viganja vyake viwili juu ya boneti yenye moto.

"Springi zangu hazirudi," alisema kupitia kile kioo, na safari hii sauti ilikuwa yake, sauti ya kutoa madalali jasho. "Umesikia? Hilo gari halitaharibika mpaka wewe na mimi tuwe vikongwe. Kwa hiyo nasema leo. Nakupenda. Sitaki uende zako. Nimepiga msasa springi kama mwendawazimu kwa sababu sitaki uende zako."

"Nilidhani ndivyo zinavyotengenezwa," alisema mfuga nyuki.

"Hazitengenezwi hivyo!"

Na kile kicheko kikaanza, kutoka tumboni, bila haraka, kikapanda. Alipomaliza kucheka macho yake yalikuwa yamelowa. "Nami nilikuwa nawaza kuvunja springi moja kwa jiwe, nipate sababu ya kurudi. Lakini kazi yako nzuri mno, ningeionea haya. Nakupenda, Nyundo. Nimechoka na kile kimya."

Nyundo aligeuka kumtafuta shemeji yake. Huyu ndiye aliyekuwa ndugu wa marehemu mumewe, ndiye aliyemwekea paa, mlango na sakafu alipobaki peke yake na mtoto, na ghafla aliogopa kumtazama. Shemeji alikuwa bado amesimama juu ya stuli, barakoa ameishusha tena usoni ingawa moto ulikuwa umezimwa.

"Shemeji," ilitoka sauti nzito nyuma ya barakoa, "kaka alikufa. Wewe hukufa. Fuata nyuki ule asali, na mtoe gari lenu kwenye mlango wangu."

Wakatoa upepo. Magurudumu ya mbele yalipumua, pua ya gari ikashuka kidogo kidogo, na mfuga nyuki akarudi nyuma huku mtaa mzima ukielekeza kwa kelele, kila mtu njia yake. Gari likapita. Nje wakayajaza magurudumu upya, na Nyundo akatupa kisanduku cha spana nyuma, akapanda kiti cha abiria. Alisema springi mpya lazima zikazwe tena zikishatulia, na hiyo ni kazi ambayo fundi hawezi kumwachia mtu mwingine. Hilo lilikuwa kweli. Binti aliona pia kwamba mama yake amebeba gauni moja na kile kioo.

"Unarudi lini?" aliuliza.

"Springi zikishatulia."

"Na zinatulia lini?"

Mfuga nyuki aliinama mbele ili amwone vizuri kupitia dirishani. Wiki nzima alikuwa amemwita binti huyu dada, dada wa dukani, dada wa vipuri.

"Njia ni mbovu, mwanangu," alisema. "Usituhesabie siku."

Wakaondoka. Binti alibaki katikati ya barabara anapunga mkono, akisahau kwamba dukani, kwa mara ya kwanza wiki ile, kulikuwa na mteja anamsubiri.